Nilivyopungua kilo 24 nikiswaga ng'ombe kwenda Segese, na mtu niliyemuona njiani

Wakuu, kwema huko mliko?

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Juzi nimekuta uzi wa kijana analalamika kwamba amelipia gym miezi mitatu na kitambi kiko palepale, nikakumbuka jambo la mwaka 1994. Nitalieleza lilivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi, maana hata hivyo lilivyo, wanangu nikiwasimulia wananitazama kwa jicho la pembeni.

Picha sina. Enzi zile kamera ilikuwa ya mpiga picha wa mjini, na hakuwa na sababu ya kutufuata porini.

Twende.

Nilikuwa nasoma chuo kimoja pale Shinyanga mjini, mwaka wa kwanza. Urefu wangu futi sita na inchi tatu. Nacheza basketball, namba tano, yule anayesimama chini ya goli kugombea ribaundi. Nikishasimama pale hakuna wa kunisogeza.

Tatizo ni kwamba hata mimi mwenyewe nilikuwa sijisogezi.

Wenzangu waliniita Tani. Timu ikishambulia, mimi nafika goli la pili wakati wao wameshageuka kurudi. Mechi ya mwisho ya muhula nilidondoka katikati ya uwanja, macho yakaingia giza. Zahanati wakanipima presha, daktari akanitazama, akapima tena.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

Akaandika kitu, akatikisa kichwa. Marehemu baba aliondoka kwa presha hiyohiyo. Nilimwelewa bila kuambiwa.

Mizani ya zahanati haikunitosha, mshale uligonga mwisho. Mwalimu wa michezo akanipeleka kwenye godauni la pamba, nikapandishwa kwenye mizani ya marobota. Kilo 121. Wapagazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Likizo ni miezi mitatu. Ukirudi ukiwa hivi, jezi nampa mwingine. Siwezi kukubeba uwanjani ukiwa maiti."

Nikapanda basi kwenda Segese kwa dada yangu Esta. Mumewe, shemeji Mathias, alikuwa na bucha karibu na machimbo ya Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo walikuwa wengi ajabu miaka ile, na mchimbaji akipata chochote kitu cha kwanza anataka nyama. Ng'ombe walinunuliwa minadani huku upande wa Shinyanga vijijini, wanaswagwa kwa miguu siku nne hadi Segese.

Dada aliponiona alipiga vigelegele. "Umependeza! Chuo kinakufaa!"

Wakuu, usukumani wakati ule kunenepa ilikuwa cheti. Nilipomwambia nataka kupungua alidhani naumwa.

Shemeji ndiye aliyenielewa, kwa sababu zake. Mswagaji wake mmoja alikuwa ameacha fimbo na kwenda kuchimba dhahabu, kabaki mmoja tu. "Kama unataka kukonda," akasema, "nenda na Baba Shija."

Baba Shija alikuwa nyuma ya nyumba anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtu mfupi, mkavu, umri kama miaka arobaini na tano. Aliposimama kunipokea nikaona mguu wake wa kushoto mfupi. Alikanyagwa na fahali utotoni, mfupa ukaunga vibaya. Kila hatua bega linazama.

Nilimwamkia shikamoo huku moyoni nikisema, kumbe nitakuwa namsubiri huyu njiani.

Cheka sasa, maana mimi sikucheka.

Safari ya kwanza nilitaka kufa. Siku ya pili mapaja yalikuwa yamechubuka kwa kusuguana, natembea miguu nje kama mtoto aliyejikojolea. Wanene wenzangu wanaijua hiyo. Baba Shija akatoa kikopo cha samli kwenye mfuko wake, akanipa bila kunitazama usoni.

"Jipake, shemeji. Hata magurudumu ya mkokoteni yanapakwa."

Aliniita shemeji kwa heshima ya bosi wake. Na yeye alikuwa anatembea mara mbili yangu! Mimi nafuata nyuma ya kundi kwa mstari ulionyooka, yeye anakwenda mbele, anarudi, anakata kushoto kumzuia mmoja asiingie shamba la mtama, anakimbia kulia. Bega linazama, linapanda, linazama. Jioni tukifika kwenye mji wa kulala, yaani boma la wenyeji, mimi naanguka, yeye anaomba maji ya ng'ombe, anapiga soga na wenyeji na kumaliza ugali wa watu watatu.

Kuna maksai mmoja wa kuongoza, huyo hakuchinjwa, alikwenda na kurudi na sisi kila safari. Baba Shija alimwita Diwani.

"Kwa nini Diwani?"

"Anatangulia mbele, wote wanamfuata, na hajui tunakokwenda."

Alikuwa na maswali pia kuhusu mpira wangu. "Huo mpira mkishauingiza kwenye kapu, mnautoa?" Ndiyo, hauna kitako, unapita. Alifikiri hatua nyingi. "Basi nunueni kapu zima."

Anyway. Tuliporudi Segese, mkanda wangu ulikuwa umeingia tundu moja ndani. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikaingiwa na tamaa. Kama kutembea peke yake kumenipa tundu moja, je, nikiacha na kula? Safari ya pili nikawa namega ugali, nakunja ngumi, nawatupia mbwa wa wenyeji. Maziwa nayarudisha kwenye kibuyu. Tena nilikuwa nimesikia kwamba mabondia wanavaa nailoni ili watoke jasho, basi nikavaa koti la mvua chini ya jua la mwezi wa saba. Nikamwambia Baba Shija nasikia baridi.

Siku ya tatu tulitegemea lambo moja la kunyweshea. Tukalikuta limekauka, udongo umepasuka vipande kama vigae. Mbele ni mbuga tupu, nyumba hakuna. Yeye alikunywa funda moja la maji tuliyobeba, yaliyobaki akanipa mimi yote. Nikamaliza, na bado nilikuwa nimeacha kutoka jasho.

Sikuhisi kudondoka, niliona tu kwato zimekuwa usawa wa macho yangu.

Baba Shija alinigeuza, akafungua zipu ya lile koti, akabaki amelishika. Alilichana kwa mikono, akalitupa.

Sasa hapa ndipo naomba mnisome polepole.

Ng'ombe walikuwa ishirini na wawili, mali ya mtu. Mswagaji hawaachi ng'ombe. Akiwaacha, wakapotea au wakaibiwa, hana maisha tena kwenye kazi ile, na watu wataamini ameuza. Baba Shija alikuwa na watoto sita.

Alimwendea Diwani, akamshika pembe, akamvuta hadi nilipolala. Akampigapiga shingoni, akawa anamsemesha kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwachia jirani mtoto. Halafu akapiga mluzi mrefu wa kushuka, ule aliokuwa akipiga kila jioni kuliambia kundi kwamba tumefika. Wale ng'ombe wakasimama. Mmoja akalala chini. Wa pili akalala.

"Shemeji, usiinuke. Hata ukisikia nini, usiinuke."

Akachukua dumu la lita tano, akaondoka. Nilitazama saa yangu ya mkononi: saa saba kasoro dakika kumi. Nikaliona lile bega likizama na kupanda, likizama na kupanda, halafu nyasi zikalimeza. Alikuwa anakimbia.

Nikabaki na ng'ombe.

Wakuu, nimesali makanisa makubwa, nimesimama juu ya milima. Sijawahi kuwa mahali palipokuwa na utulivu kama pale. Diwani alisimama juu yangu na kivuli chake kilinifunika kuanzia kichwa hadi kiunoni. Jua likisogea, miguu yangu inaungua, kichwa kiko kivulini. Nilisikia pumzi zao pande zote, nzito, za taratibu, na meno yakicheua. Nilijiona mdogo, mimi Tani mzima. Nikaomba Mungu kwa maneno ambayo sikuyajua kama ninayo.

Sikuwaza mechi wala jezi. Niliwaza yule mtu asiyejua hata jina langu la ukoo, amekiacha kila kitu chake hapa chini ya ulinzi wa maksai.

Alirudi saa tisa na nusu. Nilisikia mguu kabla sijamuona, pa, na kimya kidogo, pa. Chumvi ya jasho imemkauka usoni. Hakuwatazama ng'ombe. Alipiga magoti, akaninywesha kwa kifuniko cha dumu, kifuniko kimoja, anasubiri, kingine, anasubiri. Nilitaka kulinyakua dumu, akanipiga kofi mkononi.

Ndipo akainua kichwa na kuwatupia jicho mara moja.

"Hayupo mtamba mweusi."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nenda ukamtafute.

"Kunywa."

"Baba Shija, nenda, mimi nimepona."

"Nimesema kunywa." Kisha, bila kubadili sauti: "Hujala tangu lini?"

Nikatazama lile dumu.

"Nakuuliza, shemeji."

"Tangu juzi."

Akakaa chini kabisa, mguu mfupi umenyooka mbele. "Miaka kumi na minane naswaga. Kazi yangu ni ng'ombe afike na nyama yake. Akikonda njiani ni aibu yangu. Wewe unakuja kukondea mikononi mwangu kwa siri? Ungekufa, ningemwambia nini dada yako? Kwamba nilikuwa natazama ng'ombe?"

Nikachukua kifuniko, nikanywa.

Yule mtamba, jike ambaye bado hajazaa, alimpata jioni, amejichanganya na kundi la mji wa ng'ambo ya mbuga. Hakumwambia shemeji Mathias neno lolote. Nilikuja kumwambia mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Kuanzia siku hiyo nilikula anachokula yeye, mbele ya macho yake. Ugali wa mtama, mlenda, mtindi. Nikatembea anavyotembea. Safari ya tatu, tulipopita mahali pale, nilimuomba anioneshe alikochota maji. Hatukuwa na ng'ombe, tulikuwa tunarudi mnadani na Diwani tu, basi akakubali.

Tulitembea kwa haraka. Mimi wakati huo nimeshakuwa mwepesi kidogo. Nikaangalia saa tulipofika kisimani: tumetumia saa mbili na dakika kumi. Kwenda tu.

Yeye siku ile alikwenda na kurudi kwa saa mbili na dakika arobaini, na dumu lililojaa mkononi, na mguu ule.

Nilisimama pale kisimani nikimtazama anavyonawa uso. Nikamuuliza aliwezaje. Akakung'uta maji mikononi.

"Nilikuwa nimekasirika," akasema.

Tulifanya safari saba. Narudi chuoni mwezi wa tisa, mwalimu wa michezo akanipita kwenye korido, akarudi nyuma hatua mbili. "Nilikwambia upungue, sikukwambia uishe." Kilo 97. Presha imeshuka, daktari akataka kujua dawa niliyotumia, nikamwambia ng'ombe, akakasirika.

Jezi nilibaki nayo, ila kukaa chini ya goli tena haikuwezekana. Wenye miili walinisukuma kama mlango. Ikabidi nijifunze upya kucheza kwa kukimbia. Mashindano ya vyuo tukaingia fainali, nikacheza dakika zote arobaini bila kupumzishwa hata moja, na dakika ya mwisho nilikuwa nakimbia kama ya kwanza.

Likizo iliyofuata nikaenda Segese mbiombio kumsimulia Baba Shija. Alisikiliza mpaka mwisho, fimbo mabegani.

"Mkashinda?"

"Tulifungwa. Pointi tatu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Sasa ulikondea nini?"

Baadaye shemeji aliacha biashara ya bucha, wakahamia Kahama, na Baba Shija akarudi kwao. Nilimuulizia mara mbili nikakosa. Leo nina miaka zaidi ya hamsini, uzito unapanda na kushuka kama wa watu wote, lakini presha siijui.

Nililojifunza: mwili haupendi kuibiwa. Ukitaka upungue, mwambie mtu, ule, na utembee. Na usimpime mtu kwa hatua yake ya kwanza.

Watu wapatao mia tatu walinishangilia kwenye ile fainali tuliyofungwa. Baba Shija alikimbia mbio kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona, na mashahidi walikuwa ng'ombe, ambao karibu wote waliishia buchani wiki ileile. Nimebaki mimi. Ndiyo maana nimeandika.

Kama kuna mtu wa pande hizo, Segese, Solwa, Salawe, anayemkumbuka mswagaji mwenye mguu mfupi wa kushoto, tafadhali aseme chochote hapa chini. Hata kama ni habari mbaya. Na wewe uliyewahi kubebwa na mtu usiyemtegemea, uwanja ni wako.