Mwani ulivyovamia refugium yangu, na baba alivyoufumua kwa vidole

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenipata mwenyewe na sitayatia chumvi, ingawa tenki lenyewe ni la maji ya chumvi.

Naishi Kamalondo, Lubumbashi. Bahari iko mbali nasi. Hata chumvi ya tenki naagiza Zambia, inaingilia mpakani Mokambo. Sebuleni nina samaki wanne, na chini yao refugium: tenki dogo ambamo maji yanapita, unafuga mwani mzuri unaokula uchafu ili mwani mbaya ufe njaa.

Kwangu ikawa kinyume. Mwani wa nywele ukavamia hukohuko refugium, ukaufunika ule mzuri kama pamba chafu.

Nikapunguza saa za taa. Nikabadilisha maji. Wapi.

Nikatia dawa. Mwani ulikufa kweli, ukaoza, maji yakakosa hewa. Asubuhi samaki mmoja alikuwa anaelea. Baada ya wiki mbili, nywele zikarudi.

(Msitie dawa kabla ya kujua chanzo. Tuendelee.)

Jumapili moja nilishinda nyumbani. Baba, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, akawalisha samaki. Haikupita nusu saa, huyo tena na kopo la chakula.

Nikamwambia, "Papa, ulishaka kubapa chakula."

"Hapana, siyabapa. Angalia, iko na njala."

Mpaka mchana alikuja mara sita. Chakula kinaoza, mwani unashiba.

Nilitaka kulificha kopo. Dada yangu Zaina akagoma. "Ukimukatalia ile kazi, atabakia na nini?"

Basi sasa kila asubuhi tunamwekea chakula cha siku kwenye kikombe. Kikiisha, anaona mwenyewe kimeisha.

Pia nikampa beseni lenye mwani wote, nikamwonyesha jinsi ya kuutenganisha. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa saa nzima akifumua nyuzi mbaya moja moja, hakukata hata unyuzi mmoja mzuri. Mimi nisingeweza.

Anafanya hivyo kila Jumapili. Refugium imesafika, samaki watatu wazima.

Siku nyingine ananiuliza hili tenki ni la nani. Namjibu ni letu. Anaitika, vidole vinaendelea.

Nilichojifunza: mwani haujileti, kuna anayeulisha. Mtafute. Ukimpata, usimfukuze.

Wakuu wenye wazee wa namna hii nyumbani, ninyi mmewapa kazi gani?