Fundi Sikio na Kisu Kilichokohoa

Saa mbili asubuhi, na Fundi Sikio tayari anatoka jasho. Amekivua kisu mpini wake, amekifunga kwa uzi wa kushonea, na sasa kinaning'inia kwenye boriti ya karakana kikizunguka polepole. Anachukua msumari mrefu, anakigonga ubapani mara moja, kisha anafanya jambo la ajabu kwa mtu mwenye jina kama lake. Hasikilizi. Anamkodolea macho mwanamke aliyeketi juu ya kreti la soda, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mzima?" anauliza.

"Gonga tena."

Anagonga tena. Mwanamke anainamisha kichwa, midomo ameibana, kana kwamba anasikiliza watu wa chumba cha pili.

"Mzima," anasema hatimaye. "Huyu atatuzika sote, shemeji."

Fundi anashusha pumzi, anakifungua kisu na kuweka alama ya vema kwenye daftari lenye mafuta mafuta. Ni kisu cha thelathini na tatu. Vimebaki vinane.

Mzee huyu ana miaka sitini na moja, na thelathini na nane kati ya hiyo ameimaliza mbele ya moto, akifua visu vya wachinjaji, wakulima na wawindaji. Jina la Sikio alipewa na wateja wenyewe, kwa sababu ya mtindo wake wa kutokiamini chuma asichokisikia.

"Chuma kizima kinaimba mpaka uchoke kukisubiri," anaeleza, akipandisha sauti kama watu wote wa fuawe na nyundo. "Chenye ufa ndani kinakata kauli upesi. Ukivitazama kwa macho, vyote ndugu."

Ubapa ukifaulu mtihani huo, anaupiga muhuri mdogo wenye umbo la sikio, karibu na mpini. Muhuri huo ndio uliomjengea jina. Mwenye bucha iliyo ng'ambo ya barabara anasema kisu kisicho na sikio hachukui hata akipewa bure. Kwa mwezi mzee hutengeneza visu vitatu, vinne akijitahidi sana, na havilali dukani.

Basi miezi miwili iliyopita, mwanamke wa kwenye kreti akaingia karakana na karatasi ya kaki iliyokatwa umbo la kisu. Ni fundi cherehani, mke wa mdogo wake fundi, na kwa miaka thelathini hakuwahi kushika nyundo isipokuwa ya kupigilia msumari wa kalenda.

"Nataka kutengeneza kisu cha kuwindia," alisema. "Mimi mwenyewe. Usinitengenezee, nifundishe."

Alikuwa na sababu. Kijana wake wa kwanza anawinda kwa kibali, na msimu uliopita kisu chake cha dukani kilichomoka mpinini akiwa katikati ya kuchuna mnyama. Kiganja kikapasuliwa toka kidole cha shahada hadi karibu na kifundo cha mkono.

"Nyuzi kumi na moja," anasema mama huyo. "Nilizihesabu. Na mshono wenyewe ulikuwa umepinda! Nikasema hapana, safari hii atashika kitu kilichotoka mkononi mwangu."

Fundi Sikio alicheka, lakini hakucheka kwa dharau. Kijana huyo anamwita baba mkubwa, na kwake ni mwanawe vilevile. Akamwagia shemeji yake mezani kila alichonacho, akamwambia achague.

Mama akaenda moja kwa moja kwenye kipande kinachong'aa, kile cha chuma kisichoshika kutu. Alikishika kama anayechagua kitambaa cha harusi.

"Wee! Rudisha hapo," fundi akamwambia. "Hicho kinataka tanuri lenye kipimo cha joto. Mimi nina mkaa na feni."

Akashika nondo. Nondo, akaambiwa, ni ya kujengea nyumba. Ni laini, uinoe leo, kesho haikati hata ndizi mbivu. Akashika tupa kuukuu. Hapo fundi akatikisa kichwa kwa heshima kidogo, maana tupa ni chuma kizuri, ila kina kiburi. Usipokilainisha kwanza kwenye moto, kikidondoka sakafuni kinavunjika vipande, na mwanafunzi wa siku ya kwanza moto bado haujui.

"Anayeanza mpe springi ya gari," anasema. "Ile bapa inayobeba mzigo nyuma. Springi inasamehe. Ukikosea kuipiga, unairudisha motoni, unaanza upya, haikununii."

Alikuwa na vipande vitatu alivyovitoa kwa muuza vyuma chakavu. Kabla ya kuvigusa, wakamaliza habari ya mpini. Pembe aliikataza, kwa kuwa ikipata joto inajikunja na kunuka karakana nzima. Akatoa vipande viwili vya mbao ngumu iliyokauka, akamsifia kimoja chenye mistari mizuri.

Mama akakigeuza mara mbili, akakirudisha mezani. "Hiki kimekatwa mshazari," alisema. "Kitambaa cha mshazari ukikivuta kinakwenda upande. Ukitoboa tundu la pini hapa, si kitapasuka?"

Fundi akakichukua, akakitazama upya. "Miaka yote natafuta neno la kuwaambia wanafunzi wautazame mkao wa nyuzi za mbao," anasimulia, "kumbe neno lenyewe liko kwenye cherehani!"

Wakachagua mbao yenye nyuzi zilizonyooka. Kisu wakakipanga kiwe na msuka mrefu, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, uende hadi mwisho na ushikwe kwa pini tatu za shaba. Hicho hata ukibembea juu yake, hakichomoki.

Kilichobaki kilikuwa sikio.

Mama akatoa uzi wake mwenyewe mkobani, wakavitundika vile vipande vitatu vya springi. Fundi akavigonga, macho ameyafumba, uso umetulia. Akashika cha katikati. "Huyu hapa. Huyu ndiye wa mwanetu."

"Huyo?" mama akauliza. "Mbona anakohoa?"

"Anakohoa nini? Chuma kina mapafu?"

"Shemeji, huyo anakohoa. Wenzake wanaimba, yeye anasema *kho* ananyamaza. Mimi cherehani yangu ikianza kukosea hatua, naisikia nikiwa jikoni."

Fundi anakiri kwamba hapo alipandwa na hasira. Mtu wa siku moja anamfundisha yeye kusikia! Akakibana kile kipande kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, akachukua nyundo kubwa ili amwoneshe shemeji yake jinsi chuma kizima kinavyopinda na kurudi.

Kilivunjika kwa pigo la kwanza.

Waliinama wote wawili kutazama. Ndani ya mvunjiko, nusu ya unene ilikuwa nyeupe mpya. Nusu nyingine ilikuwa na kutu ya kahawia, kutu ya siku nyingi, iliyoingia na maji kupitia ufa ambao hakuna jicho lililouona.

"Nilikiona kile kiganja cha mwanangu," anasema Fundi Sikio, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Nikasema, loo, mimi ndiye niliyetaka kumpasua mara ya pili."

Shemeji yake hakumcheka. Alimuuliza swali moja tu: "Tangu lini?"

Naye akasema. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, ndege wa alfajiri na kengele za baiskeli. Redio akaisingizia betri. Mkewe akawa anamwita mara tatu, naye anajitetea kwamba yuko kwenye mawazo. Karakanani alikuwa akigonga ubapa, anaona uzi unatetemeka, anajiambia amesikia. Miezi kumi na minne alikwenda hivyo.

"Sikudanganya wateja kwanza. Nilianza kwa kujidanganya mwenyewe," anasema. "Fundi Sikio asiye na sikio, ningepata wapi jina jingine la kujiita?"

Angeweza kunyamaza. Walikuwa wawili tu mle ndani, na shemeji ni mtu wa siri. Visu alivyokwisha kuviuza vilikuwa vinakata vizuri, na hakuna mteja aliyelalamika. Lakini mama akafuta mikono kwenye kanga yake, akauliza, "Daftari la majina ya waliochukua liko wapi?"

Walihesabu arobaini na moja. Visu arobaini na kimoja vyenye muhuri wa sikio, vilivyopigwa na mtu asiyesikia.

Tangu siku hiyo, mzee hajapokea kazi mpya hata moja. Amepiga simu mpaka kadi ya simu ikachoka, amekwenda kwa miguu, amegonga milango ya watu na kuwaambia kitu ambacho mafundi wachache wangethubutu kukitamka: kisu nilichokuuzia sina hakika nacho, naomba nikirudishe. Wengine walimcheka. Mkulima mmoja alikataa katakata, akasema kisu chake kinamfaa kuliko mke, akiache. Mzee alirudi kwake siku tatu mfululizo, akikaa kwenye ngazi ya mlango, mpaka mke huyohuyo akakileta kimefungwa kwenye gazeti.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Mpini hauachii sauti ipite, hivyo kila kisu lazima kivuliwe. Pini zinatobolewa, mbao nyingi zinapasuka, na kila mteja anarudishiwa kisu chenye mpini mpya bila kulipa chochote.

"Mke wangu ananiuliza kama siku hizi tutakula mihuri," anasema, na wote wawili wanaangua kicheko.

Mpaka sasa viwili vimekohoa. Kimoja kilikuwa cha mwenye bucha. Mama alikisikia kwa pigo moja, fundi akakibana kwenye jiliwa, na kikakatika mbele ya mwenyewe. Mchinjaji aliomba vipande vyote viwili, na leo vimetundikwa ukutani mwa bucha yake, juu ya mizani.

"Watu wanadhani nimevitundika kumwaibisha," anasema mchinjaji huyo. "Nani? Mimi zamani nilikuwa naliamini sikio. Sasa namwamini mtu."

Fundi Sikio ana miadi hospitali mwezi ujao akapimwe. Akipata kifaa cha kusikilizia, anasema, atashukuru. Asipopata, anaye shemeji. Anachonga muhuri mwingine, mdogo kama punje ya mchele, wenye masikio mawili yaliyokaa bega kwa bega. Mama cherehani anajifunza sasa kupasha chuma kwa kufuata sumaku, maana chuma kikifikia joto lake sumaku haikishiki tena: siku ya kwanza alikizamisha kwenye mafuta kabla ya wakati, kikatoka laini kama waya, akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini.

Kisu chake kiko rafuni, kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha suti. Kilitoka kwenye kipande cha tatu cha springi, kile kilichoimba mpaka wakachoka kukisubiri. Mpini ni ule wa nyuzi zilizonyooka. Unaujaza mkono barabara. Hakijapigwa muhuri, maana mama hataki kipate masikio yake mawili kabla vya wateja havijaisha, na msimu wa kuwinda unafunguliwa baada ya wiki tatu.

Fundi amekwisha kumwambia mara kadhaa akichukue, amtumie kijana. Hata asubuhi hii amemwambia. Mama anakataa, huku akifunga uzi kwenye shingo ya kisu kinachofuata, cha thelathini na nne.

"Mwanangu atasubiri," anasema. "Hawa wanane nao wana mama zao."

Kisha anarudi kwenye kreti lake, anaketi, anainamisha kichwa.

"Haya, shemeji. Gonga."