Nimeikwangua kutu ya Mzee Bengt

Jamani, leo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Bengt, jirani yangu hapa Rissne, kitongoji cha Stockholm, ni kati ya mafundi wa kwanza mjini waliorudia kuunda magari ya mbio kizamani, kwa vyuma vikuukuu.

Jana alinitengenezea breki za gari yangu, akakataa hata kushukuriwa.

Basi leo, yeye akiwa dukani, nikashika msasa nikakwangua kutu yote mlangoni mwa gari yake. Kwetu gari ikiwa na kutu, majirani wanakucheka!

Akarudi. Akaushika mlango kama anayepima homa.

Kumbe gari hiyo aliinunua kwa ajili ya hiyo kutu, na jina la karakana ya zamani lililofifia hapo mlangoni, ambalo nimelifuta pamoja nayo.

Nikaomba msamaha mpaka Kiswidi kikaniishia.

Akanimiminia kahawa. "Ulitaka kunisaidia," akasema.

Niambieni, kesho namsalimiaje?

Bora angenitukana.