Mbu Niliomwekea Bi Zuhura

Afadhali niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa dada yangu, maana yeye akilisimulia huongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe hujiuliza huyo mjinga ni nani: mimi ndiye yule mwanaume aliyewaita naibu wa chifu, afisa wa afya na majirani wa mtaa mzima waje kushuhudia mjane akiaibika, na jua halijafika utosini nikawa nimeaibika mimi. Na bado nina hasira. Sijui niikasirikie nani, lakini ninayo.

Ilianza hivi. Dada yangu Wanjira, ambaye nakaa kwake hapa pembeni mwa mji wa Nyeri tangu nirudi kutoka huku na kule (nimefanya kazi Mwea kwenye mashine za mpunga, nimelinda ghala la hoteli Nanyuki, mimi mahali nikikaa nataka kuondoka na nikiondoka siwezi kupasahau), aliniambia kwamba watu wa posa ya binti yake Muthoni wangefika baada ya wiki tatu.

"Wageni watakaa nje, chini ya miti," akasema. "Wewe ndiye mjomba, kiti chako kiko mbele. Lakini hii boma uitengeneze wewe. Mbu wakiuma wazee wa watu, ujue utakula ukiwa umesimama na wapishi."

Kwetu kiti cha mjomba siku ya ruracio, siku ya kuleta mahari, si mchezo. Mjomba ana mbuzi wake na ana neno lake, na mimi katika miaka yangu arobaini na kitu sijawahi kupewa kiti cha mbele popote, hata kanisani. Nikaapa kwamba mbu wataisha.

Sasa, hao mbu. Nikiwa mtoto Nyeri ilikuwa na baridi ya heshima, mbu tulimsoma darasani kama tulivyomsoma papa. Siku hizi wanakuuma mchana kweupe ukiwa umekaa kivulini, tena kwenye kifundo cha mguu, kama mtu anayekudai. Nilifyeka nyasi, nikachoma mavi ya ng'ombe makavu kila jioni mpaka Muthoni akaanza kukohoa, na mbu wakazidi. Basi badala ya kuangalia vizuri boma yetu, nikaangalia ng'ambo ya ua.

Ng'ambo ya kayaba, ule ua wa miiba, anakaa Bi Zuhura, mama wa zile familia za Kiislamu za zamani za mjini, mjane wa fundi cherehani. Boma yake ni msitu, miti aliyoipanda na marehemu mumewe, na chini ya miti hiyo kuna birika la saruji la maji ya kutawadhia, halina kifuniko. Niliona maji meusi kupitia miiba nikasema moyoni, kiwanda ndicho hiki.

Nikamwendea mpaka langoni. "Mama, funika maji yako na ukate hii miti. Mbu wako wanatumaliza."

"Mbu wangu?" akauliza, hakuacha kuchambua mchicha. "Umeona wameandikwa jina langu? Ingia uangalie, mwanangu."

"Sina haja ya kuangalia," nikamjibu.

(Hayo maneno manne, Wanjira anataka yachongwe kwenye kaburi langu.)

Nikaandika barua, nikapita nyumba kwa nyumba nikipata sahihi, nikaipeleka kwa naibu wa chifu. Akasema atakuja na mtu wa afya, na kama ni kweli, birika litabomolewa na miti ianguke. Bi Zuhura alipopata habari hakuja kugombana. Alimwambia tu Wanjira kwamba miti hiyo mumewe aliinywesha maji kwa kopo, mmoja mmoja, mwaka wa ukame. Nikasikia, nikajifanya sijasikia.

Siku ya ukaguzi walikuja watu kama wa harambee. Afisa wa afya alikuwa msichana mwenye gambuti na kikombe cheupe chenye mpini mrefu. Akachota birikani, akatazama, akamwaga. Akachota tena. Mara ya tatu akacheka kidogo, akatuonyesha: ndani ya kikombe kulikuwa na samaki mdogo kama kidole cha mtoto.

"Hawa wanakula viluwiluwi vyote vya mbu," akasema. "Hapa hakuna hata kimoja. Mama, nani alikufundisha hii?"

"Si ni huyu," Bi Zuhura akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Zamani, akija likizo kutoka Mwea, alimletea marehemu mume wangu samaki kwenye debe. Alikaa hapo akatueleza jinsi wanavyosafisha mifereji ya mpunga. Sisi tukamwamini."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimewabebea watu vitu vingi katika safari zangu, nitakumbuka kila debe?

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini hasira ilinipanda, nikasema kwa sauti, "Basi njooni kwetu muone mahali pasafi."

Wakaja, wote. Nyuma ya stoo, chini ya miti, ndipo ninapoweka vitu vyangu: tairi la trekta la Mwea, beseni la oili la mashine ya kwanza niliyofanyia kazi, na mtungi mkubwa wa maziwa niliopewa nikiondoka Nanyuki. Vyote midomo juu, vyote vimejaa maji ya mvua. Afisa akachovya kikombe mtungini, akakitoa, na yale maji yalikuwa yanacheza ngoma kwa viluwiluwi.

"Kumbe Gathogo ni mfugaji," jirani mmoja akaniambia, yule yule aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi.

"Ni vitu vya kumbukumbu," nikajitetea.

"Mzee, kumbukumbu inawekwa ikiwa imepinduliwa," msichana akasema. (Mzee, mimi.)

Naibu wa chifu akanirudishia barua yangu. Wanjira akaanza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki.

Siku hizo hazikutosha mbu kuisha, kwa hiyo ruracio ilifanyika kwa Bi Zuhura, ambaye alikubali kabla Wanjira hajamaliza kuomba. Ni mimi niliyekata njia kwenye ua wa kayaba, na alama za miiba ninazo. Viti vilipungua, nikakaa mbele, ndiyo, lakini juu ya ule mtungi wa Nanyuki, umepinduliwa.

Mzee wa upande wa bwana harusi akasifu kivuli, akasema kwao, kule nyanda za chini, huwezi kukaa hivi bila kupigapiga miguu, ni nani amewamaliza mbu? Wote wakanigeukia, maana neno lilikuwa la mjomba. Wanjira alinikazia macho. Ningeweza kusema ni mimi. Nikasimama, nikasema, "Ni Bi Zuhura, na nilitaka kumkatia miti."

 Sauti ya Bi Zuhura ikatoka upande wa jikoni: "Nimewamaliza kwa samaki wake mwenyewe. Mpeni mbuzi wake akae."

Nikakaa. Siku hizi, kabla sijalaumu maji ya mtu, natazama kwanza yangu, kila Jumamosi, kopo kwa kopo. Lakini lile tairi watu wa afya walilichukua nikiwa sipo, na hilo sitalisamehe.