Sweta la Misuko

Juzi tulipomzika baba, mwanamke mmoja kutoka upande wa Uganda alisimama kando ya kaburi akiwa amekumbatia sweta la kijivu lenye misuko. Nililitambua sweta kabla ya kumtambua yeye.

Zamani tuliishi Malaba, mpakani, chumba kimoja kando ya barabara, na harufu ya dizeli iliingia hadi kwenye uzi wa mama. Alikuwa akifuma masweta mawili kwa zamu. Langu la shule, la kijani, alilifuma huku akipiga gumzo. Lile la misuko lilikuwa oda ya mteja, na akilishika sote tulinyamaza, kwa kuwa alihesabu mishono.

Alasiri moja mteja huyo alileta shati kuukuu. "Pima na hii, dada. Ni ya mzee wangu."

Alipoondoka niliona kiraka cha bluu kwenye kola, kama kile mama alichomshonea baba.

"Mama, hii ni kama ya baba."

"Mashati zinafanana. Enda ucheze."

Nilimwamini. Baba aliendesha lori, na asiporudi tuliambiwa ni foleni. Mama aliliweka chini lile la misuko, akachukua langu, akafuma bila neno. Nilifurahi kwamba zamu ilikuwa yangu.

La mteja alilimaliza bila kosa hata moja. Langu lilitoka na mkono mmoja mfupi.

Pale kaburini mama alimsogelea yule mwanamke, akageuza pindo la sweta, akalikagua polepole.

"Bado halijafumuka," akasema, akarudi kwenye kiti chake.