Ikram Alipopumzishwa Dawa

Mzee Nurdini wa Nkuhungu ni mbishi, na hilo hakuna mtu wa kulipinga. Ukimwambia jua la leo kali, atakuuliza limekuchoma wapi. Tangu alipohamia mjini Dodoma kutoka Kondoa ana mashine yake ya kukamua alizeti, na hajawahi kumwita fundi hata mara moja. Ikigoma anaizima, anaiacha ipoe, anazibua mashudu yaliyokwama, anaiwasha, inanguruma. "Kitu kikikusumbua, kipumzishe," ndivyo anavyowaambia wateja wake. Na kwa mashine, tuseme ukweli, hakuwahi kukosea.

Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Ikram. Mtoto akalelewa na shangazi yake, Mwanahawa, dada wa Nurdini, katika nyumba hiyo hiyo. Ikram alianza kuanguka kifafa akiwa bado mdogo. Alipoanzishiwa vidonge kikatulia, tena kikatulia hasa, hata majirani waliohamia baadaye hawakujua kama binti huyu aliwahi kuugua. Ila vidonge vile vile vikamletea jambo jingine. Fizi zake zilianza kuota. Zilinenepa, zikateremka juu ya meno, mpaka meno ya mbele yakawa yanachungulia tu. Na Ikram alikuwa mcheshi, jamani! Angeweza kuwaigiza wateja wote wa baba yake, na sauti zao na mwendo wao. Lakini kicheko kilipomjia alivuta mtandio haraka akaziba mdomo, na Nurdini, aliyekuwa akimwona kutoka kwenye mashine yake, alikuwa anaumia kila mara.

Ndipo akaja Mustapha, kijana wa Kondoa aliyekuwa akileta magunia ya alizeti. Alianza kwa kuchelewa kuondoka, akaendelea kwa kuja hata siku asizokuwa na mzigo, mwisho akatuma wazee wake kuleta posa. Nurdini akakubali. Akajigamba mtaa mzima kwamba mkwe wake ni mtu wa kwao, anasali na anajua kazi.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitamka kwa wazee wale, nalo ni kifafa. Nurdini alikulia mahali ambapo mtu akianguka watu hukimbia wakiogopa kuguswa na povu lake. Aliamini wakisikia tu, uchumba umevunjika. Na kwa akina Mustapha kuna desturi: vyombo vya biharusi vikifika kwa mume, mawifi hufungua kila begi mbele ya watu, hukunjua kanga moja moja, hupekua mpaka vifuko vya ndani, huku wakitania na kupiga vigelegele. Nurdini alipofikiria vidonge vya mwanawe vikinyanyuliwa juu na wifi mmoja akiuliza kwa sauti ni vya nini, aliacha sahani yake akarudi kwenye mashine.

Siku hizo hizo daktari wa meno mmoja, Evelina, alikuwa akifanya utafiti kwa watu wenye kifafa. Alichunguza meno yanayovunjika wanapoanguka, na fizi zinazoota kwa sababu ya dawa. Zahanati ikamwelekeza Ikram kwake, naye akaenda na baba yake na shangazi yake. Evelina alimpima fizi jino kwa jino, akampiga eksirei, kisha akawaonyesha picha. Jino moja la mbele lilikuwa na ufa kwenye mzizi, huko ndani ya mfupa ambako jicho halifiki. Ufa huo aliupata alipoanguka utotoni.

"Kumbe nina jino lililovunjika miaka yote hii, na lenyewe limenyamaza tu?" Ikram akauliza. "Lina adabu kweli."

Evelina akacheka. Kisha akamgeukia Nurdini. "Mzee wangu, mzizi huu umevunjwa na kifafa. Hizi fizi zimeoteshwa na dawa. Si kila mtu humtokea, ila wapo."

"Dawa?" Nurdini akasogea mbele.

"Ndiyo, dawa. Lakini isiachwe hata siku moja, naomba sana. Nitazungumza na daktari wake wa kifafa ambadilishie. Mpya inaingizwa taratibu, ya zamani inapunguzwa taratibu. Fizi zikibaki zimeota ndipo nitazikata kidogo."

Halafu akamkwangua ukoga, akamfundisha kupiga mswaki mpaka chini ya kingo za fizi, akamwambia arudi kwa vipimo. Mwanahawa alilishika kila neno. Nurdini, Mungu amsamehe, alishika moja tu.

Walipofika nyumbani akamwita binti yake. "Ikram mwanangu, umemsikia daktari. Dawa ndiyo inayokuharibu. Tuipumzishe mpaka arusi ipite. Fizi zitarudi ndani, na begi lako litakwenda Kondoa safi."

"Kaka, daktari kasema isiachwe," Mwanahawa akasema.

"Nani baba wa mtoto, mimi au daktari? Miaka mingapi hajaanguka? Amepona! Tunamlisha sumu bure."

Ikram akamtazama shangazi yake, akamtazama baba yake. "Sawa, baba," akasema. Hakuwa binti wa kumjibu baba yake, hata siku moja.

Sasa tazama mambo yanavyompoteza mtu. Haukupita muda mrefu, fizi za Ikram zikaanza kunywea. Damu iliyokuwa ikimtoka akipiga mswaki ikakoma, na vichwa vya meno vikaonekana. Ile ilikuwa kazi ya mikono ya Evelina, kule kukwangua, na mswaki wa kila asubuhi. Lakini nani angemwambia Nurdini? Alimsimamisha kila mteja. "Umemwona binti yangu? Umeona meno hayo?" Na Ikram kweli akaanza kusahau mtandio wake. Alicheka mdomo wazi pale kwenye mizani, na Nurdini akawa anazima mashine kwa makusudi ili akisikie kicheko chenyewe. Nadhani hakupata kuwa na furaha kama hiyo maishani mwake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ilikuwa asubuhi, wiki ile ile ya arusi. Mapipa ya maji yalikuwa yameshapangwa uani, na jamaa zao wa Zuzu, nje kidogo ya mji, walikuwa njiani kuja kusaidia kupika. Ikram alikuwa akijaza mashudu kwenye gunia nyuma ya baba yake, na kwa makelele ya mashine Nurdini hakusikia kitu. Alipogeuka alimkuta chini, uso kwenye sakafu, mwili mzima unatetemeka na mdomo unatoka damu. Kifafa kikapita. Kabla hajapata fahamu kikaja kingine. Kikaja kingine tena kwenye bajaji, Mwanahawa akiwa amempakata, Nurdini akimpigia dereva kelele kama amechanganyikiwa.

Hospitalini daktari kijana aliuliza, "Anatumia dawa?"

Nurdini, mtu asiyekosa jibu, alimgeukia dada yake.

"Ameachishwa," akasema Mwanahawa.

Walimhangaikia kwa kila walichokuwa nacho, lakini kifafa hakikumwachia. Ikram alifariki kabla ya adhuhuri, na siku hiyo hiyo alasiri akazikwa. Ubani ulionunuliwa kwa ajili ya arusi ndio uliofukizwa kwenye maiti yake. Jamaa wa Zuzu waliokuja kupika pilau walipika chakula cha msiba.

Evelina alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani pamoja na kina mama, akalia na kuwashika mikono, hakumuuliza mtu swali. Daktari wa kifafa alikuwa amekwisha kubali kumbadilishia Ikram dawa, lakini siku hiyo Evelina hakulitaja. Mwanahawa alikuja kulijua baadaye, naye akaona bora akae nalo mwenyewe.

Mustapha alifika kutoka Kondoa wakati wa kufukia, akashika koleo, akafukia bila kupumzika mpaka watu wakamnyang'anya. Baada ya hitima, wageni walipokwisha kutawanyika, alimkuta Nurdini amekaa kwenye gunia tupu kando ya mashine iliyozimwa, akaketi karibu naye.

Nurdini alikuwa amejiandaa. Alijua lazima aseme. "Mwanangu," akaanza, na sauti ikamkatika. "Mwanangu, nilikuficha. Ikram alikuwa na kifafa. Niliogopa mtamkataa."

Mustapha alifikicha macho.

"Nilijua, baba," akasema. "Aliniambia mwenyewe, tena mapema kabla sijaleta posa. Alinionyesha na vidonge. Akaniambia, ukitaka kukimbia kimbia sasa hivi nikuone unavyokimbia."

Nurdini akamgeukia.

"Mama naye anajua. Alikwenda hospitali kule Kondoa kuuliza kama dawa zake zinapatikana. Tulikuwa tumekubaliana mama ndiye atakayefungua begi, mawifi wasiliguse."

"Mbona hakuniambia?" Nurdini akauliza. "Mbona aliniachia? Angesema neno moja tu, mimi ningemrudishia dawa."

"Nilimwambia akwambie. Nilimsihi, baba. Akasema wewe unafurahi sana siku hizi, hajapata kukuona umefurahi hivyo. Akasema arusi imekaribia, atavumilia bila vidonge mpaka ipite, asikuaibishe."

Nurdini hakubisha. Aliinama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti, na Mwanahawa aliposikia akatoka ndani, akafika, akasimama pale mlangoni asijue kama aende kumshika kaka yake au amwache.