Mama Pacha na Kifurushi Kilichokuja na Mgeni

Mama Pacha aliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi, alikuta kiti chake kimerundikiwa maboksi. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ofisi ilikuwa finyu na maboksi hayakuwa na pa kwenda. Hata hivyo roho ilimuuma. Aliyashusha mwenyewe, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta. Alikuwa ameandika programu miaka mingi, lakini asubuhi ile wenzake waliongea mambo mapya mfululizo, naye akawa anaitikia tu kwa kichwa.

Hata chai hajaimaliza, mkuu wa ofisi akaingia, uso umemkauka. Onyo lilikuwa limetolewa: kifurushi fulani, kipande cha programu ambacho waandishi wengi hukichukua bure na kukitumia katika kazi zao, kimegundulika kina tundu la kupitia wezi. Na ofisi yao ndiyo iliyotengeneza programu ya maabara ya hospitali, ile inayopeleka majibu ya vipimo wodini.

"Sisi tunakitumia?" mkuu aliuliza.

Mwenzao waliyemwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake minene, alifungua faili la vitegemezi, mahali programu inapotaja vifurushi inavyovihitaji. Akapitisha macho kutoka juu hadi chini.

"Hakimo, bosi. Tuko salama."

"Humo mna vile tulivyoviomba sisi," Mama Pacha alisema. "Navyo vina vyao. Umemwalika mgeni mmoja, kaja na shemeji yake, shemeji naye kaja na rafiki. Hao hatujawaangalia."

Mkuu alijikuna kidevu. "Basi tuizime programu nzima mpaka tujue."

"Tukiizima, wauguzi watashinda wanakimbizana na makaratasi, na wagonjwa wanangoja. Nipe mpaka saa ya chakula, bosi."

Mkuu akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Haya, Mama Pacha. Saa ya chakula."

Akaanza kuandika skripti, programu fupi ya kumfanyia upekuzi huo. Kazi yake ilikuwa kusoma faili mstari kwa mstari, kuchukua jina la kila kifurushi, kwenda kusoma faili la kifurushi hicho, na kuendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, halafu vikachangamka. Alipoiendesha, majina yakamiminika kwenye kioo bila kukoma.

"Imechanganyikiwa," Profesa alisema, akiwa amesimama nyuma yake.

Mama Pacha akasogeza uso karibu. Majina yalikuwa mawili tu, yakipokezana. Kifurushi kimoja kilimhitaji mwenzake, na mwenzake akamhitaji yeye. Skripti ilikuwa kama mtu anayetumwa dirisha lile, akifika anarudishwa dirisha hili. Akacheka peke yake. Aliongeza mistari michache ili skripti ikumbuke ilikokwisha kupita, akaiendesha tena.

Safari hii ilisimama. Na jina walilolitafuta lilikuwa pale, limejibanza chini kabisa, limeletwa na kifurushi cha kuchora grafu.

"Kumbe tulikuwa tumelala naye chumba kimoja," Profesa alisema taratibu. Akavuta kiti, wakafanya kazi bega kwa bega. Waliweka toleo jipya la kifurushi cha grafu, lisilomhitaji mgeni yule tena, wakajaribu kila kitu, skripti ikapita upya na kurudi mikono mitupu.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa maabara. "Tumesikia mnatuzimia programu. Tuandae makaratasi?"

"Msiandae kitu, dada," Mama Pacha alimjibu. "Endeleeni na kazi."

Mchana ule skripti ilipitishwa kwenye programu zote za ofisi, na mkuu akaagiza iwe inaendeshwa kila asubuhi. Wenzake walikuja mmoja mmoja mezani kwake kuuliza inavyofanya kazi, naye akawaeleza bila haraka, kifua mbele.

Kabla ya kuondoka alimpigia mama yake, aliyebaki na watoto.

"Mama, leo nimefanya kazi."

"Kwani huko umeenda kufanya nini?"

"Nimefanya kazi kwelikweli, Mama."

Akashuka ngazi akiimba, tena kwa sauti, na mlinzi wa mlangoni akamwitikia.